Bisi za Nyumbani: Siri Imo Ndani ya Punje

Ukitaka kuijua siri ya bisi, usianze na sufuria. Anza na punje moja ya mahindi. Iweke juu ya kiganja chako uitazame. Ni ngumu kama changarawe, nayo yaonekana kavu kabisa. Walakini ndani yake mna maji. Si mengi, ni tone dogo mno lisiloonekana kwa macho. Lakini pasipo tone hilo hakuna bisi, hata ungekuwa na mafuta bora na moto mzuri namna gani.

Akina mama wengi wamepata kuliona jambo hili. Leo unakaanga bisi, zinalia zote, sufuria inajaa hata kifuniko kinainuka. Baada ya miezi miwili unachota mahindi katika debe lile lile, unatia mafuta yale yale, na nusu ya punje zinabaki chini, ngumu na nyeusi. Mmoja atasema kosa ni la moto, mwingine atasema ni la mafuta, na wa tatu atasema mwenye duka amemdanganya. Mara nyingi kosa si la hao wote. Kosa ni la maji: ama yamepungua ndani ya punje, ama yamezidi.

Basi leo tutaieleza kazi ya kutengeneza bisi nyumbani tangu shambani hata bakulini, pamoja na namna za kuzikoleza ili zipendeze zaidi. Nawe utaona kwamba anayejua habari za maji katika mahindi hapati bisi nzuri tu, bali pia huilinda afya ya watoto wake.

KWA NINI PUNJE HUPASUKA

Punje ya bisi imeumbwa kama chungu kidogo kilichofunikwa vizuri. Nje kuna ganda gumu lisilopitisha mvuke upesi. Ndani mna wanga, na katika wanga huo yamo maji yaliyotapakaa. Punje iliyo nzuri kwa bisi huwa na maji kiasi cha sehemu 13 au 14 katika kila sehemu 100 za uzito wake.

Maji ya birika yakifika joto la digrii 100 za Sentigredi huchemka, na mvuke hutoka mdomoni ukaenda zake. Lakini mvuke wa ndani ya punje hauna mlango wa kutokea. Unabanwa, unasukuma, na kadiri moto unavyozidi ndivyo unavyosukuma kwa nguvu zaidi. Wakati huo huo wanga unalainika. Joto likifika digrii 180 hivi, ganda hushindwa. Hupasuka kwa mlio, mvuke hutoka kwa ghafula, na ule wanga uliolainika hufura na kukauka papo hapo, ukawa kama ua jeupe. Punje imepinduka, ya ndani imekuwa nje, kama mfuko wa suruali uliopinduliwa.

Ukiyafahamu hayo, utaelewa mambo matatu. Kwanza, punje iliyokauka kupita kiasi haina mvuke wa kutosha kulipasua ganda lake. Pili, punje yenye maji mengi mno hutoa bisi ndogo na ngumu, zisizofura vizuri. Tatu, punje iliyovunjika, au iliyotobolewa na fukusi, mvuke wake huvuja. Hiyo haitapasuka hata ukiikaanga mpaka kuche.

SI KILA HINDI HUTOA BISI

Mtu aweza kuuliza, "Mbona mahindi yetu ya ugali nikiyakaanga hayatoi maua?" Ni kweli hayatoi, ama hutoa machache tu, kwa kuwa ganda lake na wanga wake si wa namna ile. Mahindi ya ugali ukiyakaanga utapata kitu kizuri cha kutafuna, lakini si bisi. Mahindi ya bisi ni aina ya peke yake. Punje zake ni ndogo na ngumu. Nyingine ni za mviringo na zinang'aa kama shanga, nyingine zimechongoka kidogo kama mchele. Ganda laweza kuwa la manjano, jeupe, jekundu au hata jeusi, lakini ua lake ni jeupe au la manjano hafifu.

Aina hii ni ya zamani sana. Jina la mahindi lisikudanganye ukadhani yalitoka Uhindi. Asili yake ni Mexico, na Wareno ndio walioyaleta katika pwani za Afrika baada ya Wazungu kufika Amerika. Katika pwani ya kaskazini ya nchi ya Peru, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata mabaki ya mahindi, na bisi zikiwamo, yenye umri wa miaka ipatayo 6,700. Kwa hiyo watu walikwisha jua kukaanga bisi maelfu ya miaka kabla ya kuwako sufuria za chuma. Katika mwaka 1885 Charles Cretors, mtu wa mji wa Chicago huko Marekani, alianza kutengeneza mashine za mvuke za kukaanga karanga na bisi barabarani. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, sukari ilipokuwa haba na peremende zikaadimika, Wamarekani waliongeza sana kula bisi. Utaona basi kwamba hata katika nchi tajiri, dhiki ilipobisha hodi, punje ya mahindi ndiyo iliyowafurahisha watoto.

Ukitaka kupanda bisi zako mwenyewe, usizipande bega kwa bega na mahindi ya ugali. Chavua hupeperushwa na upepo. Aina nyingine za bisi hazipokei chavua ya mahindi mengine, lakini aina nyingine huipokea, na punje zitakazopatikana hapo hazitafura kama mama yao. Tafuta sehemu ya mbali kidogo, au panda kwa wakati tofauti ili maua yasitoke pamoja. Tena mbegu ya mwaka ujao uichague katika mahindi bora, usingoje kuokota yaliyobaki baada ya kula.

KUKAUSHA NA KUTUNZA

Hapa ndipo bisi hufanikiwa au huharibika. Yaache mahindi yakomae na kukaukia shambani mpaka majani yanayoyafunika yawe makavu. Ukisha kuvuna, yamenye, uyaanike juu ya kichanja, mkeka au turubai. Usiyaanike juu ya udongo mtupu, kwa sababu udongo una unyevu na una vijidudu vya ukungu. Jioni uyaingize ndani au uyafunike vizuri, maana umande wa usiku mmoja waweza kurudisha maji uliyoyaondoa mchana kutwa.

Unapopukuchua, tumia mikono. Watu wengine hutia mahindi katika gunia wakayapiga kwa fimbo ili kazi iishe upesi. Haraka haraka haina baraka. Fimbo huzivunja punje, na punje iliyopasuka ganda ina hasara mbili: haitoi bisi, tena imeufungulia ukungu mlango.

Utajuaje kama mahindi yamekauka vya kutosha? Iko njia rahisi ambayo kila nyumba yaweza kuitumia. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia punje mpaka theluthi ya chupa, kisha utie vijiko viwili vya chumvi kavu. Kama chumvi yako ina unyevu, ipashe moto kwanza katika kikaango mpaka ikauke, uiache ipoe. Funga chupa, itikise kwa dakika moja au mbili, halafu uiache itulie kwa dakika 15. Tazama kioo. Chumvi ikiganda katika kuta za chupa, mahindi yana maji zaidi ya sehemu 15 katika 100; yarudishe juani. Chumvi isipoganda, yamekauka, na waweza kuyaweka ghalani.

Ukisha kuyakausha, yatunze katika chombo kinachofungwa vizuri: chupa, gudulia la plastiki au debe lenye kifuniko kinachobana. Usiyaache miezi mingi juu ya moto wa jiko. Moshi huwafukuza wadudu, lakini joto la kila siku hulinyonya lile tone la maji ndani ya punje, na siku ya kukaanga utashangaa kuona hazilii.

Je, zikikauka mno? Usizitupe. Chukua chupa ya lita moja, ujaze punje robo tatu, utie kijiko kimoja cha chakula cha maji safi. Funga, utikise mara kwa mara mpaka maji yote yanywewe. Kesho yake utikise tena mara kadha. Baada ya siku mbili au tatu kaanga chache ujaribu. Zikilia vizuri, zitumie zote upesi. Punje zilizotiwa maji namna hii zisiwekwe majuma mengi.

TUSIUDHARAU UKUNGU

Yafaa tuseme neno hili kwa uwazi, kwa kuwa ni jambo la uhai na mauti. Mahindi yaliyowekwa na unyevu huota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumu ambayo wataalamu wetu huiita sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini. Katika mwaka 2004, sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Katika mwaka 2016 yalitokea kama hayo Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua, na 20 wakafa. Walikuwa watu wa vijijini kama sisi, waliokula chakula cha ghala zao wenyewe.

Jambo la kutisha ni kwamba moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Usijidanganye ukasema, "Mafuta ya moto yataua kila kitu." Kuvu atakufa, lakini sumu yake itabaki. Wala kule kupasuka kwa punje si ushahidi kwamba ni salama. Kwa hiyo kabla ya kukaanga, mwaga punje katika ungo, uzipepete, uzichague moja moja mbele ya mwanga. Ondoa zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu, na zenye ukungu wa kijani au wa kijivu. Zikiwa nyingi, au zikinuka uvundo, usizile zote. Wala usiwape kuku au ng'ombe, maana sumu huwadhuru nao, tena hupita hata katika maziwa. Zifukie ardhini.

Kuna punje nyingine za kuogopwa: zile za pakiti za mbegu zilizopakwa rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani. Rangi hiyo ni alama ya dawa ya kuua wadudu na ukungu. Hizo ni za kupanda tu. Kuziosha hakuzifanyi kuwa chakula. Waambie watoto, na uzifiche pakiti hizo wasizifikie.

JINSI YA KUKAANGA

Sasa tuwashe moto. Andaa punje nusu kikombe, mafuta vijiko viwili au vitatu vya chakula, na sufuria ya lita nne hivi yenye kifuniko. Usicheke ukisema sufuria ni kubwa mno. Nusu kikombe cha punje nzuri hujaza vikombe 12 au zaidi vya bisi. Mafuta ya alizeti yafaa, ya karanga yafaa, na ya nazi yana harufu nzuri ya pekee. Siagi isitumike kukaangia, kwa kuwa huungua upesi.

Kwanza, weka sufuria juu ya moto wa wastani. Kama unapikia kuni, ngoja ndimi kubwa za moto zitulie. Kama ni mkaa, ngoja makaa yawe mekundu. Tia mafuta, kisha tia punje tatu tu, ufunike.

Pili, sikiliza. Punje hizo tatu ni tarishi wako. Zikisha kulia, ujue mafuta yamepata joto linalotakiwa. Ipua sufuria, tia punje zote zilizobaki, funika, uhesabu polepole mpaka 30. Katika muda huo joto huzifikia punje zote sawasawa, na maji ya ndani huwa tayari pamoja. Usipofanya hivyo, nyingine zitapasuka mapema na kuungua huku zikizingoja ndugu zake.

Tatu, rudisha sufuria motoni. Ishike masikio kwa vitambaa vikavu, uitikise kwa kuisogeza huku na huku. Punje ambazo hazijapasuka hushuka chini kwenye joto, na bisi zilizo tayari hupanda juu. Kifuniko ukiachie mwanya mwembamba upande usiokuelekea, ili mvuke upate kutoka. Ukiufungia mvuke ndani, utazirudia bisi na kuzifanya ziwe laini kama kitambaa chenye maji.

Nne, endelea kusikiliza. Mwanzo zitalia moja moja, kisha zitalia kama mvua ya mawe juu ya bati, halafu zitapungua. Ukiweza kuhesabu moja, mbili, tatu kati ya mlio na mlio, ipua mara moja. Usizingojee punje za mwisho. Kwa tamaa ya punje kumi utaunguza sufuria nzima.

Tano, zimwage mara moja katika sinia au bakuli pana. Zikikaa ndani ya sufuria ya moto zitaungua chini.

KUZIKOLEZA

Hapa ukumbuke kanuni moja: maji ya ndani ya punje ni rafiki, lakini maji ya juu ya bisi ni adui. Kila kiungo utakachotia kiwe kikavu, au kiwe ndani ya mafuta.

Chumvi. Chumvi ya mawe huteleza ikaanguka chini ya bakuli. Itwange katika kinu mpaka iwe laini kama unga, uinyunyize bisi zingali moto. Robo ya kijiko cha chai hutosha kwanza. Onja ndipo uongeze.

Samli na viungo. Siagi ina maji ndani yake, ndiyo sababu bisi zilizotiwa siagi hulegea. Samli ni siagi iliyochemshwa mpaka maji yakaisha, nayo hailegezi bisi. Yeyusha vijiko viwili vya samli, tia bizari nyembamba iliyosagwa nusu kijiko cha chai, manjano kidogo sana na pilipili kwa ncha ya kisu. Ziache katika samli ya moto kwa muda wa kuhesabu kumi tu, kisha uimwagie juu ya bisi huku mwenzako akizigeuza kwa mwiko.

Chumvi ya ndimu. Ukikamulia ndimu juu ya bisi utaziharibu. Badala yake, paruza ganda la ndimu lililooshwa vizuri, la kijani tu, bila ule weupe mchungu. Lianike likauke kabisa, ulitwange pamoja na chumvi. Ukipenda, ongeza pilipili manga. Harufu ya ndimu utaipata, na bisi zitabaki kavu.

Karanga. Kaanga karanga safi, zisizo na ukungu, ondoa maganda, uzitwange na chumvi mpaka ziwe unga mkavu. Acha kutwanga kabla hazijatoa mafuta. Nyunyiza juu ya bisi zilizopakwa samli kidogo. Huu ni ukolezaji wenye faida hasa, kwa kuwa mahindi peke yake hayatoshi kuujenga mwili wa mtoto, na karanga huongeza kile ambacho mahindi yamepungukiwa.

Sukari. Punje zako tatu za kwanza zikisha kulia, tia punje zote pamoja na vijiko vitatu vya sukari, funika, wala usiipue kuhesabu 30. Tikisa bila kupumzika, maana sukari huungua upesi, nawe uipue mapema kuliko kawaida. Kila punje itavaa koti jembamba la utamu.

Sukari guru na tangawizi. Huu ni wa siku ya furaha, kama mtoto amebatizwa au wageni wamekuja. Ponda sukari guru nusu kikombe, uiweke motoni na maji vijiko viwili na samli kijiko kimoja. Ichemke kwa moto mdogo huku ukikoroga. Dondosha tone katika kikombe cha maji baridi. Tone likivunjika kama kioo, iko tayari. Tia tangawizi ya unga au iliki iliyotwangwa, umwagie juu ya vikombe nane vya bisi, ugeuze upesi kwa mwiko wenye mpini mrefu. Usiiguse kwa mkono mpaka ipoe. Hapa maji yametumika, lakini yote yamekwisha kuchemka yakatoka. Ndiyo maana bisi hubaki ngumu.

WATOTO NA JIKO LA BISI

Watoto hupenda mlio wa bisi kama wanavyopenda ngoma, nao hukimbilia jikoni. Weka mpaka: asikaribie mtoto mdogo, wala kifuniko kisifunguliwe kabla mlio haujaisha, kwani punje huruka pamoja na mafuta ya moto. Sukari iliyochemka ni mbaya kuliko maji ya moto, maana ni ya moto zaidi na hushika katika ngozi. Mtu akiungua, mwagilia mahali hapo maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake mafuta, unga wala dawa ya meno. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa usoni au mikononi, mpeleke zahanati.

Mafuta yakishika moto ndani ya sufuria, usiyamwagie maji kamwe. Maji yatageuka mvuke kwa ghafula na kuurusha moto juu ya paa. Usiikimbize sufuria nje. Ifunike kwa kifuniko chake, zima jiko ukiweza bila kujiunguza, uiache mpaka ipoe.

Tena mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe bisi. Madaktari wa watoto wametoa onyo hili, kwa kuwa mtoto wa umri huo hajui kutafuna vizuri, na kipande cha bisi au punje iliyobaki ngumu yaweza kumpalia na kuziba njia ya pumzi. Najua ni vigumu kumnyima kitindamimba huku ndugu zake wanakula. Mpe ndizi mbivu iliyopondwa, au uji wake, afurahi pamoja nao. Wale wakubwa wale wakiwa wameketi, si wakikimbia na kucheka huku midomo imejaa. Mtoto akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele, umpige kwa kiganja kati ya mabega mara tano kwa nguvu, na watu wengine watafute msaada upesi. Na mtoto aliyepaliwa, halafu akabaki na kikohozi au pumzi za kukoroma, apelekwe hospitali hata kama ameanza kucheza tena.

BISI NA MFUKO WA NYUMBANI

Kazi hii yaweza pia kuleta shilingi. Haba na haba hujaza kibaba. Kilo moja ya punje nzuri, zilizotunzwa vizuri, hutoa zaidi ya vikombe 100 vya bisi. Ndiyo maana utawaona wauzaji wa bisi penye stendi za mabasi, uwanja wa mpira na mnadani.

Lakini usianze kwa kukisia. Chukua daftari, mpe mtoto anayejua hesabu aandike: bei ya mahindi, ya mafuta, ya chumvi au sukari, ya kuni au mkaa, na ya mifuko. Jumlisha. Hesabu mifuko uliyoipata, na bei uliyouzia. Toa gharama katika mapato, ndipo utakapoijua faida yako. Pima tena punje zilizobaki bila kupasuka. Kama katika kila kikombe kimoja cha punje robo yake inabaki chini, unatupa robo ya fedha yako, na dawa yake ni kurudi kwenye chupa na kulitazama tone la maji.

Bisi zikiachwa wazi huvuta unyevu wa hewa, nazo hulegea zikawa kama mpira. Katika sehemu za pwani hali hiyo huja upesi zaidi. Ziache zipoe kabisa, halafu uzifunge mara moja katika mfuko usiopitisha hewa. Ukizifunga zingali moto, mvuke wake mwenyewe utazilegeza. Zilizolegea kwa hewa zaweza kupashwa moto katika sufuria kavu kwa dakika chache, zikarudia hali yake.

Baba, wewe unayejenga ghala, kumbuka kwamba bisi za watoto wako huanza katika kichanja chako. Mama, wewe unayeshika ungo, ile robo saa ya kuchagua punje si ya kupoteza. Nanyi vijana mnaopukuchua, wekeni fimbo chini. Wikendi hii chukueni ile chupa na ile chumvi, myapime mahindi yenu kabla ya kuwasha moto. Mkiona chumvi imeshuka chini yote na kioo ni safi, haya, tieni punje tatu katika mafuta, mfunike, msikilize.